UZI MREFU: India na Pakistan, mechi imebaki ila mgeni ameondolewa

#1 Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu.

Usiku wa tarehe 28 Septemba 2025 tulikuwa watu sita chumbani, Sharjah, eneo la viwanda. Simu moja tumeiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya ndoo iliyopinduliwa. Fainali ya Kombe la Asia la kriketi, India na Pakistan, inachezwa Dubai hapo jirani. Tangu kombe hilo lianze mwaka 1984, hawa wawili hawakuwahi kukutana fainali. Pakistan walipiga wakaishia mikimbio 146. India wakayumba mwanzoni, kisha kijana Tilak Varma akaweka nanga, akafikisha 69 bila kutolewa, India wakashinda kwa wiketi tano.

Tukasubiri kombe likabidhiwe. Ikapita zaidi ya saa nzima. Aliyepaswa kulikabidhi ni Mohsin Naqvi, mkuu wa Baraza la Kriketi la Asia, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan, na juu ya hayo ni waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. India wakakataa kulipokea mkononi mwake. Kombe likabebwa likaondolewa uwanjani. Nahodha Suryakumar Yadav na wenzake wakapanda jukwaani, wakanyanyua mikono kana kwamba wameshika kombe, na mikononi hamna kitu.

Katika sisi sita, mmoja kwao Sialkot, Pakistan. Mwingine kwao Jalandhar, India. Wanalala kitanda kimoja cha ghorofa, wa Sialkot juu, wa Jalandhar chini. Siku nyingine zote wakianza kubishana kriketi inabidi tuwanyamazishe ili watu wa zamu ya alfajiri walale. Usiku ule hakuna aliyefungua mdomo. Wa Jalandhar, ambaye timu yake ndiyo imeshinda, ndiye aliyenyoosha mkono akazima simu.

Nimeona humu mara kadhaa mtu akiuliza kwa nini hawa watu hawapeani mikono, anajibiwa kwa mstari mmoja, "wana ugomvi wao," mada inafungwa. Mimi nimeishi nao mwaka wa sita huu. Naomba mnivumilie nieleze nilichojifunza, maana naona jambo kubwa linapotea na wengi wanatazama upande mwingine.

Kwa asiyejua mchezo: timu moja inarusha mpira, nyingine inapiga na kukimbia kukusanya mikimbio. Mpigaji akitolewa, hiyo ni wiketi. Kuna mechi za siku tano, kuna za siku moja, na kuna fupi za T20 zinazoisha ndani ya saa tatu na ushee. Hayo yanatosha kwa uzi huu.

Sababu ya karibu ya ule usiku ni hii. Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha waliua watu 26, wengi wao watalii, huko Pahalgam, Kashmir upande unaotawaliwa na India. India ikailaumu Pakistan, Pakistan ikakana. Tarehe 7 Mei India ikapiga kwa makombora ndani ya Pakistan, Pakistan ikajibu, na tarehe 10 Mei wakasitisha. Katikati ya hayo viza zikafutwa, anga ikafungwa kwa ndege za mwenzake, na lango la Attari na Wagah, njia ya barabara kati ya Amritsar na Lahore, likafungwa. Miezi minne baadaye wakapangwa kucheza, na wakacheza mara tatu ndani ya wiki mbili: tarehe 14, tarehe 21 na fainali tarehe 28. Mara zote tatu hawakupeana mikono.

Angalieni jambo hilo vizuri. Lango limefungwa, ndege hazipiti, mgonjwa wa Lahore hawezi kwenda kutibiwa Delhi. Lakini mechi ipo. Katika hizo tatu haikufutwa hata moja.

Ndiyo hoja yangu. Watu wanabishana kama kriketi inaleta amani au inachochea chuki. Mimi naona thamani yake kubwa haikuwa kwenye mpira. Ilikuwa kwamba kwa ajili ya mpira, mtu wa upande huu aliruhusiwa kuvuka mpaka akawa mgeni wa mtu wa upande ule. Mechi imebaki, fedha yake imebaki, mgeni ndiye aliyeondolewa.

Nitaendelea na historia, niko kazini.

#2 Mtoa mada (inaendelea)

Nimerudi.

Nchi ziligawanywa Agosti 1947, damu ikamwagika, mamilioni ya watu wakahama. Miaka mitano tu baadaye, Oktoba 1952, Pakistan ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya siku tano, na ilicheza Delhi. Nahodha wa Pakistan alikuwa Abdul Hafeez Kardar, ambaye mwaka 1946 alikuwa amezuru Uingereza akiichezea India. Timu hiyohiyo ilikuwa na Amir Elahi, naye alishaichezea India. Mrushaji wao hodari Fazal Mahmood alikuwa amechaguliwa kwenda Australia na India mwaka 1947, akajitoa kwa sababu ya mgawanyiko. Mechi ya pili, Lucknow, Fazal akaangusha wiketi 12, Pakistan wakashinda. Kwa hiyo "adui" aliyekuja Delhi alikuwa mtu aliyekuwa akibadilisha nguo chumba kimoja na wenyeji wake juzijuzi.

Mwaka 1955 India ikacheza Lahore. Mechi zenyewe zilikuwa za kuchosha, zote tano ziliisha sare. Lakini maelfu ya Wahindi waliruhusiwa kuvuka mpaka kwenda kutazama. Lahore na Amritsar zimeachana kilomita 50 hivi, kama Tanga mjini na Muheza ukiongeza kidogo. Wengi wa waliovuka walikuwa wazaliwa wa Lahore waliokimbia miaka minane nyuma. Mtu anakwenda kutazama kriketi huku anapita mtaa aliozaliwa.

Kisha vita vya 1965 na 1971. Tangu ziara ya 1960–61 hadi 1978, miaka 17, hawakukanyagiana uwanja. Waliporudi 1978, ilibidi kizazi kizima cha watazamaji kijifunze upya sura za wenzao.

Kuna mwaka 1987, majeshi yamerundikana mpakani upande wa Rajasthan, Jenerali Zia-ul-Haq, rais wa Pakistan, akapanda ndege akaenda Jaipur, India, kutazama kriketi. Wengine wanasema alikwenda kwa hila, wengine kwa busara. Vyovyote iwavyo, kriketi ndiyo iliyompa mlango wa kuingilia bila kuomba mkutano rasmi.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, mwaka 1999, kwa sababu kila nikisimuliwa mwili unanisisimka.

Pakistan walikuwa wanakuja India baada ya miaka mingi. Wafuasi wa Shiv Sena, chama cha siasa cha India kisichowataka Wapakistani, wakauchimba uwanja wa Feroz Shah Kotla, Delhi, ili mechi isichezwe. Walishafanya hivyohivyo Mumbai mwaka 1991, na ziara ile ikafa. Safari hii haikufa. Mechi ya kwanza ikahamishiwa Chennai, kusini kabisa.

India walihitaji mikimbio 271 kushinda. Wakaanguka wiketi tano wakiwa na 82 tu. Sachin Tendulkar akabaki anapambana huku mgongo unamuuma, mnaona kabisa kwenye picha anajinyoosha kila baada ya mpira. Akafika 136. Zimebaki mikimbio 17, Saqlain Mushtaq akamrushia, Sachin akaupiga juu, ukadakwa. Wiketi zilizobaki zikaisha kwa mikimbio minne tu. Pakistan wameshinda kwa 12.

Uwanja mzima ukanyamaza. Halafu watu wakaanza kusimama. Wasimama wanapiga makofi, na makofi yanawapigiwa Pakistan. Wasim Akram, nahodha wa Pakistan, akawakusanya vijana wake wakauzunguka uwanja wa Chennai kama ni wa kwao, na Wahindi wale wamesimama wanawashangilia, huku wengine wanajifuta machozi ya kufungwa.

Wa Jalandhar alikuwa mtoto. Anasema baba yake alizima redio kwa hasira Sachin alipotoka, kisha jirani akaja kugonga mlango kumwambia, "Washa, sikiliza Chennai wanafanya nini." Wiki tatu hivi baadaye, mwezi Februari, waziri mkuu wa India Atal Bihari Vajpayee alipanda basi akavuka Wagah kwenda Lahore. Mwezi Mei vita vya Kargil, kati ya nchi hizi mbili huko milima ya Kashmir, vikaanza. Kwa hiyo sisemi makofi yalizuia vita, hayakuzuia. Ila makofi yale yalipigwa, na hakuna anayeweza kuyafuta.

Na mwaka 2004 Vajpayee aliituma timu Pakistan, akawaambia washinde mioyo pia, si mchezo peke yake. Maelfu ya Wahindi wakapata viza. Mechi ya Karachi India walishinda kwa mikimbio mitano tu, na watu wa Karachi wakasimama kuwapigia makofi. Multan, Virender Sehwag wa India akapiga 309. Ukikutana na Mhindi aliyekwenda Lahore mwaka ule, atakueleza jambo moja kabla ya kriketi: wenye maduka walikataa fedha. Umekula, umenyoosha noti, unaambiwa wewe ni mgeni.

Hicho ndicho ninachokiita mgeni.

#3 Mwanapwani wa Kilwa

Mtoa mada nimekusoma vizuri, lakini nina swali zito. Watu 26 wameuawa Aprili, na wewe Septemba unataka mchezaji atabasamu ampe mkono mwenzake? Mwenye msiba hapangiwi namna ya kulia. Mbona hata hapa kwetu watu wakigombana shamba wanaweza wasisalimiane miaka kumi?

#4 Mtoa mada

Mkuu, swali lako ni la haki, wala sitalipita pembeni.

Sijawalaumu wachezaji. Suryakumar alisema ushindi wa tarehe 14 ni wa majeshi ya nchi yake, na alisimama na familia za waliouawa. Mtu aliyefiwa ana haki ya kukataa mkono. Upande wa pili nao walikuwa na misiba yao ya Mei.

Ninachouliza ni kitu kingine. Kama huzuni ni kubwa kiasi kwamba mkono hautolewi, mechi ilichezwa kwa nini? Aliyefiwa hafungui duka siku hiyo. Hapa duka lilifunguliwa, tiketi zikauzwa, matangazo yakauzwa, kilichofungwa ni salamu tu.

Na si bahati mbaya wanakutana kila mara. Tangu 2013, kila Kombe la Dunia la wanaume, la siku moja au la T20, na kila Champions Trophy (kombe lingine la dunia, la timu chache bora), hawa wawili wamekutana hatua za mwanzo. Makundi yanapangwa hivyo makusudi, kwa sababu hakuna mechi duniani ya kriketi inayouza matangazo kama hiyo. Wakati huohuo, ziara ya mmoja kwenda kwa mwenzake kwa mechi zao wenyewe imekoma tangu Januari 2013, Pakistan walipomaliza ziara fupi India. Mechi ya mwisho ya siku tano kati yao ilikuwa Bangalore, Desemba 2007. Kijana aliyezaliwa 2008 au baadaye hajawahi kuwa hai siku ambayo India na Pakistan wanacheza mechi ya siku tano.

Kuhusu 1999: Kargil ilipokuwa inawaka, tarehe 8 Juni walikutana Kombe la Dunia, Manchester, na mechi ikachezwa. Mbunge Shashi Tharoor wa India aliwakumbusha wenzake jambo hilo Septemba 2025, kwamba mikono ilitolewa wakati askari wako milimani. Alisema pia kwamba kama wameamua kucheza, wacheze kwa roho ya mchezo. Mimi niko naye hapo.

#5 Mchangiaji kutoka Eldoret

Niongeze kidogo kutoka huku Kenya. Sisi tuliguswa na hii siasa ya usalama mwaka 2003. Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, lakini mechi zingine zilipewa Nairobi. New Zealand wakakataa kuja baada ya ule ulipuaji wa bomu Kikambala, pwani ya Kenya, Novemba 2002. Kenya tukapewa pointi bila kucheza. Watu husema tulifika nusu fainali kwa bahati hiyo, na mimi hukasirika sana, kwa sababu Sri Lanka walikuja Nairobi na tukawapiga kwa mikimbio 53, Collins Obuya akachukua wiketi tano. Nilikuwa uwanjani, Gymkhana, siku hiyo. Watu waliimba hadi sauti zikaisha.

Halafu jambo wengi hawajui: kwenye uwanja huohuo, Oktoba 1996, kijana wa Pakistan Shahid Afridi alipiga mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyodumu miaka 17. Na bati (kibao cha kupigia mpira) aliyotumia inasemekana ilikuwa ya Sachin Tendulkar, Mhindi, iliyokuwa mikononi mwa Waqar Younis wa Pakistan. Kwa hivyo bati ya Mhindi ilitengeneza historia ya Pakistan, hapa Nairobi.

#6 Mtoa mada

Mchangiaji wa Eldoret, umenipa mlango.

Hiyo bati inasemekana Sachin alimpa Waqar akamtengenezee mfano wake Sialkot. Sialkot ndiyo mji wa mwenzangu wa kitanda cha juu. Ni mji wa vifaa vya michezo tangu enzi za Mwingereza: mabati ya kriketi, magongo, mipira. Mwaka 1947 Wahindu na Masingasinga waliokuwa mafundi wa Sialkot walikimbilia upande wa pili, wengi wakaanzia upya Jalandhar na Meerut. Ndiyo maana leo India inatengeneza vifaa vya michezo Jalandhar. Kiwanda kiligawanyika pamoja na nchi.

Mwaka jana bati letu la mechi za Jumapili lilipasuka ukingoni. Tunacheza uwanja wa mchanga nyuma ya maghala, mpira wa tenisi uliozungushiwa gundi-tepu ya umeme ili uwe mzito. Wa Sialkot akalishika bati, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalileta sikioni, akaligonga tena chini kidogo. Wa Jalandhar alikuwa anakaanga vitunguu. Bila kugeuka akasema kwa Kipunjabi, "Limekufa chini, juu bado." Wa Sialkot akacheka, "Umejuaje?" Akajibiwa, "Babu yangu alikuwa analigonga hivyohivyo."

Babu wa Jalandhar alizaliwa Sialkot. Wawili hawa walikaa kitanda kimoja miezi saba kabla ya kujua hilo. Usiku ule walilifunga bati kwa uzi na gundi, mmoja anashika, mwingine anavuta, wanabishana kuhusu idadi ya mizunguko. Bado tunalitumia.

#7 Mzee wa Horohoro

Wanangu, mimi si mtu wa kriketi. Lakini nimeguswa, acheni niseme.

Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa 1983. Mama yangu ni Mdigo, ndugu zake wote wako Lunga Lunga, unawaona kwa macho kutoka huku. Alipofiwa na dada yake, habari ilimfikia, kwenda hakuwezekana kwa njia ya halali. Alikaa matanga peke yake upande huu. Serikali ziligombana juu ya shirika la ndege na reli, mama yangu hakuwa na ndege wala reli.

Sisi huku tuna utani. Mtani wako anakutukana mchana, lakini ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiye anayekuchekesha kwenye matanga. Utani bila kutembeleana haupo. Hao vijana wa India na Pakistan wamebakiwa na ule upande wa kutukanana, ule wa kufika msibani umekatwa. Ndivyo ninavyomwelewa mtoa mada.

#8 Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Umesema kwa maneno machache nililokuwa nalizunguka.

Nitaje lini hasa huo upande wa kutembeleana ulikatwa, maana una tarehe. Mwaka 2008 ligi ya India, IPL, ilipoanza, Wapakistani kadhaa walikuwemo. Sohail Tanvir wa Pakistan ndiye aliyeongoza kwa wiketi msimu ule, 22, na timu yake ya Rajasthan ikachukua ubingwa. Watoto wa Jaipur walimwimba. Novemba mwaka huohuo Mumbai ikashambuliwa, watu zaidi ya 160 wakauawa. Baada ya hapo, mlango wa IPL ukafungwa kwa Wapakistani, na ziara ya India kwenda Pakistan ikafutwa. Sri Lanka wakakubali kwenda badala yao. Tarehe 3 Machi 2009 basi la Sri Lanka likamiminiwa risasi Lahore, karibu na uwanja wa Gaddafi. Askari sita waliokuwa wakiwalinda waliuawa. Dereva Mehr Mohammad Khalil hakusimama, alikanyaga mafuta hadi ndani ya uwanja, na wachezaji wakapona. Pakistan ikakaa miaka bila kupokea wageni, ikawa inacheza "nyumbani" huku kwetu, Dubai, Abu Dhabi na Sharjah.

Kulikuwa na mwanga Machi 2011, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Mohali. Waziri mkuu wa India Manmohan Singh akamwalika mwenzake wa Pakistan Yousuf Raza Gilani wakakaa pamoja kutazama. Baada ya hapo ukafifia tena.

Halafu tazama ilivyokuwa 2023, Kombe la Dunia, Ahmedabad, uwanja unaobeba watu zaidi ya laki moja. Mashabiki wa Pakistan walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, kwa sababu viza hazikutolewa. Wachezaji wa Pakistan wakapiga na kurusha mbele ya bahari ya bluu tupu, rangi ya India. Na wiki mbili tu nyuma, walipotua Hyderabad, watu wa kawaida walijazana uwanja wa ndege kuwalaki hadi nahodha Babar Azam na wenzake wakashangaa. Watu walikuwa tayari kupokea. Karatasi ndizo zilizokataa.

Februari 2025 ikaja zamu ya Pakistan kuandaa Champions Trophy, mashindano yao makubwa ya kwanza tangu Kombe la Dunia la 1996. Viwanja vikakarabatiwa, Gaddafi ukajengwa karibu upya. India wakakataa kwenda. Wakakubaliana kwamba mechi zote za India ziwe Dubai, na kwamba hadi 2027 mambo yatakuwa hivyo pande zote mbili. India wakafika fainali, kwa hiyo fainali ya mashindano ya Pakistan ikachezwa nje ya Pakistan. Mwenzangu wa Sialkot alikuwa na binamu Lahore aliyeweka akiba ya tiketi ya fainali. Alitazama kwenye televisheni, kama sisi.

Kina dada nao hawakuachwa. Machi 2022 huko New Zealand, nahodha wa Pakistan Bismah Maroof alikwenda Kombe la Dunia na mtoto wake mchanga. Baada ya mechi wachezaji wa India walimzunguka yule mtoto, wanamchekesha, wanapiga naye picha, ni picha iliyopendwa dunia nzima. Oktoba 2025, Colombo, timu hizohizo mbili za wanawake zilimaliza mechi zikaondoka bila kupeana mikono. Ni miaka mitatu na nusu tu kati ya picha hizo mbili.

#9 Kahawa Chungu

Mtoa mada, uzi mzuri, ila umejipinga mwenyewe. Unasema kucheza nchi ya tatu, kama Dubai, kumemwondoa mgeni. Lakini hao jamaa zako wawili wamekutana wapi? Sharjah! Kama si nchi ya tatu wasingejuana maisha yao yote. Basi Dubai inafanya kazi. Acha wacheze huko.

#10 Mtoa mada

Mkuu, nimelala na swali lako. Lina nguvu, nakubali.

Ni kweli Ghuba imewakutanisha. Na kriketi ya Sharjah yenyewe ina miaka mingi: Aprili 1986 Javed Miandad alipiga mpira wa mwisho wa Chetan Sharma ukavuka uzio, Pakistan wakihitaji minne, wakapata sita. Mwenzangu hakuwa amezaliwa, lakini anausimulia kama aliushika mpira wenyewe. Basi letu la kazini linapita karibu na uwanja ule na hakuna siku ambayo hajaunyooshea kidole.

Lakini tazama tofauti. Hawa wawili wanapika sufuria moja. Mmoja akiugua mwingine anamchemshia maji. Wamekaa. Timu zinakuja Dubai zinalala hoteli tofauti, basi tofauti, zinakutana kwenye nyasi kwa muda wa saa tatu, zinaondoka. Hakuna mwenyeji pale, kwa hiyo hakuna wa kukataa noti yako akisema wewe ni mgeni. Mimi ningeomba angalau wakae. Na hata hawa wangu, miaka yote wamekuwa wageni wa mtu mwingine. Wa Jalandhar hajawahi kumkaribisha wa Sialkot kwao, na hawezi. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama Dar na Morogoro, lakini leo mmoja akitaka kufika kwa mwenzake hana njia, si ya barabara wala ya anga.

Desemba wa Sialkot alikwenda likizo. Wa Jalandhar alimpa karatasi ameandika jina la mtaa wa babu yake, kwa Kigurmukhi, hati ambayo wa Sialkot hawezi kuisoma. Ikabidi akae amsomee, mwenzake aandike upya kwa Kiurdu. Alimwambia kulikuwa na kisima, na karakana ya kupasulia magogo ya mabati ya kriketi, na nyumba yenye mlango wa bluu.

Wiki ya pili ikaingia video. Nilikuwepo. Uchochoro mwembamba, nyaya za umeme juu, pikipiki zinapita, mwenzetu anasikika akiuliza watu. Kisima hakuna. Milango ya bluu alikuta mitatu. Mzee mmoja mwenye duka anauliza nyuma ya kamera, "Nani anatafuta?" Anajibiwa, "Ndugu yangu, yuko Sharjah, ni wa Jalandhar." Mzee ananyamaza kidogo, anaingia ndani, anatoka na kiti cha kamba, anakiweka mlangoni, anasema mwambie akija akae hapa.

Wa Jalandhar ameitazama video ile mara nyingi sana. Anaisimamisha kwenye milango. Bado hajaamua ni upi kati ya ile mitatu.